Mtakatifu Kamili na Majeruhi Aliye Kimya

Kila mwaka, tarehe 14 Julai, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Kamili wa Lellis, padre, msimamizi wa wagonjwa, wa wauguzi na wa hospitali. Wakristo wengi hulisikia jina lake katika Misa ya siku hiyo, kisha hulisahau kabla ya jua kuchwa. Sisi twaona kwamba ni hasara. Nchi yetu leo ina barabara nyingi na vyombo vingi vya moto, na jamaa nyingi zimekwisha kuletewa usiku habari ya mtoto aliyeangushwa na pikipiki, au ya baba aliyekuwamo katika basi lililopinduka. Saa kama hiyo mambo mengi hutegemea watu wa kwanza kumfikia aliyeumia, na muuguzi wa kwanza kumpokea. Basi yafaa tumjue mtu huyu aliyewafundisha wengi namna ya kumkaribia majeruhi. Wala tusidhani kwamba alizaliwa mtakatifu, kwa kuwa mwanzo wake ulikuwa kinyume kabisa.

Camillo de Lellis, ambaye sisi twamwita Kamili, alizaliwa tarehe 25 Mei 1550 katika mji mdogo wa Bucchianico, katika nchi ya Abruzzo, Italia, ambayo siku zile ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Napoli. Mama yake, Camilla, alikuwa amekwisha kufikia umri ambao wanawake hawatazamii tena kuzaa. Baba yake, Giovanni, alikuwa askari, na mara nyingi hakuwapo nyumbani. Inasimuliwa kwamba kabla ya kujifungua, mama yule aliota ndoto akamwona mtoto mwenye msalaba kifuani, naye amefuatwa na kundi la watoto wenye msalaba kama huo. Mama aliingiwa na hofu, akidhani kwamba mwanawe atakuwa mkuu wa wanyang'anyi. Alifariki Kamili akiwa bado mtoto, naye hakuona maana ya ndoto ile.

Kijana alikua haraka, akawa mrefu kupita kawaida, karibu mita 2, mwenye nguvu na hasira, na mwenye kupenda mno karata na dadu. Alipokuwa na miaka ipatayo 17 au 18 alifuatana na baba yake kwenda kujiandikisha katika jeshi la Venezia lililopigana na Waturuki. Baba alifariki wakiwa safarini. Kijana akabaki yatima, hana mali ila upanga, na juu ya kifundo cha mguu wake kilikuwa kimeanza kidonda kidogo. Kidonda kile hakikupona hata siku ya kufa kwake.

Kwa ajili ya mguu huo alifika Roma mwaka 1571, akapokelewa katika hospitali ya San Giacomo, iliyokuwa ikiwatunza watu wenye maradhi yasiyoponyeka. Alitibiwa, na kwa kuwa hakuwa na fedha alifanya kazi ya utumishi humo humo. Walakini hakuacha karata. Aliwaacha wagonjwa akaenda kucheza, akagombana na watumishi wenzake, hata baada ya miezi michache wakuu wa hospitali wakamfukuza. Hivyo mtu ambaye leo ni msimamizi wa hospitali zote duniani alipata kutolewa katika hospitali kwa utovu wa adabu. Twaliandika jambo hili bila haya, ili kijana yeyote aliyeharibu mwanzo wake asikate tamaa.

Akarudi vitani, akapigana kwa ajili ya Venezia na baadaye kwa ajili ya Hispania. Mwaka 1574 jeshi lake lilivunjwa, naye katika mji wa Napoli alicheza kamari akapoteza fedha, silaha, na mwisho hata shati la mwilini. Alikwenda akiomba sadaka mlangoni pa kanisa katika mji wa Manfredonia. Huko akapata kibarua cha kubeba mawe na chokaa kwa Wakapuchini waliokuwa wakijenga konventi yao. Padre mmoja wa shirika hilo alizungumza naye juu ya roho yake, na maneno yake yalimchoma moyoni. Tarehe 2 Februari 1575, sikukuu ya Bwana Kutolewa Hekaluni, akiwa njiani kurudi Manfredonia, alipiga magoti juu ya mawe, akalia, akajuta dhambi zake. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Alitamani kuwa Mkapuchini, akapokelewa unovisi. Lakini kanzu nzito ilikuwa ikisugua mguu, kidonda kikafunguka, naye hakuwa na budi kutoka. Akarudi San Giacomo, mlango ule ule aliofukuzwa, akaomba kutibiwa na kutumika. Mara hii alitumika kwa namna nyingine, hata baada ya miaka wakuu wakamfanya msimamizi wa watumishi wote wa nyumba. Mungu alikuwa ameufunga mlango wa konventi kwa kidonda kile kile, ili afungue mlango wa wodi.

Hapo ndipo alipoyaona mambo ambayo, alipokuwa mcheza karata, hakuyaangalia. Wagonjwa wa siku zile walitunzwa na watu wa kuajiriwa, wengi wao wakiwa wameipokea kazi hiyo kwa kuwa hawakupata nyingine. Mgonjwa aliita usiku, wala hakuna aliyekuja. Mwingine aliwekewa chakula mbali na mkono wake, kisha kikaondolewa kana kwamba amekataa kula. Kamili alijaribu kuwaonya, akajaribu kuwasimamia, lakini akatambua kwamba mshahara peke yake haumfanyi mtu aamke usiku kwa moyo mwema. Mwezi Agosti 1582, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, alipata wazo la kukusanya watu ambao wangewatumikia wagonjwa kwa ajili ya Mungu tu.

Wakuu wa hospitali walidhani anataka kujitwalia madaraka, wakakivunja chumba cha sala walichokutania yeye na wenzake wachache. Inasimuliwa kwamba katika huzuni ile Kristo msulibiwa alimtia moyo, akimjulisha kwamba kazi ile si ya Kamili bali ni ya Kristo mwenyewe. Aliyekuwa padre wake wa maungamo, Mtakatifu Filipo Neri, alimshauri asiiache San Giacomo, lakini Kamili aliendelea na nia yake. Ili aweze kuwapa wagonjwa Sakramenti, aliamua kuwa padre. Akiwa na miaka 32, tena mrefu kama mnara, aliketi shuleni pa Wajesuiti mjini Roma pamoja na watoto kujifunza Kilatini, nao wakamcheka. Alivumilia. Mwaka 1584 alipewa daraja takatifu ya upadre na Askofu Thomas Goldwell, Mwingereza aliyekuwa uhamishoni kwa ajili ya imani yake.

Mwaka ule ule, tarehe 8 Septemba, wenzake wa kwanza walivaa kanzu, wakaanza kwenda kila siku katika hospitali kubwa ya Santo Spirito, karibu na Vatikano. Papa Sisto V alilithibitisha kundi lao tarehe 18 Machi 1586, na tarehe 26 Juni mwaka huo akawaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Basi ndoto ya mama yake ilitimia, ingawa si kwa namna aliyoiogopa. Msalaba huo mwekundu ulionekana kando ya wagonjwa na majeruhi zaidi ya miaka 270 kabla ya ule wa Geneva wa mwaka 1864, tunaouona leo katika magari ya wagonjwa. Mwaka 1591 Papa Gregori XIV aliwafanya Shirika kamili la watawa. Juu ya nadhiri tatu za kawaida waliongeza ya nne, kuwatumikia wagonjwa hata kwa hatari ya maisha yao wenyewe, pamoja na wenye tauni.

Kamili aliwafundisha nini watu wake? Aliwafundisha kwanza kwamba mgonjwa ni Kristo, na kwamba yapasa kumtunza kama mama anavyomtunza mtoto wake wa pekee aliye mgonjwa. Lakini hakuishia katika maneno ya ibada. Mama wa mtoto wa pekee hutazama. Humgusa paji la uso, husikiliza pumzi yake gizani, hujua kama amekula au hakula. Kwa hiyo Kamili aliandika kanuni za kazi: namna ya kutandika kitanda na namna ya kumlisha asiyeweza kujilisha. Alitaka wodi zipate hewa safi, chakula kilingane na hali ya mgonjwa, na wenye maradhi ya kuambukiza watengwe na wengine. Katika karne ile mambo hayo hayakuwa ya kawaida.

Tena kuna agizo lake moja ambalo twapenda kulitaja peke yake, maana twaona kwamba ndani yake mna roho yote ya Mtakatifu huyu. Aligundua ya kwamba katika hospitali za wakati wake watu wengine walidhaniwa wamekufa, wakafunikwa uso na kuchukuliwa kuzikwa, kumbe bado wangali hai. Watumishi walikuwa na haraka ya kukiacha wazi kitanda. Kamili akawaamuru watu wake kwamba mgonjwa anapoonekana kuwa amekata roho, wasimfunike uso upesi, bali wabaki kando yake wakiendelea kusali kwa robo saa walau. Sala ile ilikuwa msaada kwa roho, na wakati huo huo ilikuwa ulinzi wa mwili. Anayesali kando ya mtu kwa robo saa huku akimtazama ataona kama kifua kinainuka. Aliye kimya, ambaye hawezi kuita wala kulalamika, ndiye aliyemhitaji Kamili kuliko wote.

Kazi haikubaki Roma. Mwaka 1588 walifungua nyumba mjini Napoli. Huko zilifika merikebu zenye watu waliougua tauni, zikakatazwa kuingia bandarini. Watawa wa Kamili walipanda wakawahudumia wagonjwa humo melini, na baadhi yao walikufa kwa ugonjwa ule ule. Kisha ikaja vita. Mwaka 1595, na tena mwaka 1601, Kamili aliwatuma watu wake waende pamoja na majeshi yaliyopigana na Waturuki huko Hungaria na Kroatia. Walikwenda bila silaha, kwa ajili ya walioanguka. Waandishi wa historia hulihesabu kundi lile kuwa la kwanza linalojulikana kufuata jeshi kwa kazi ya kuwauguza majeruhi palepale uwanjani. Mapokeo ya Shirika yasema kwamba huko Kanizsa, mwaka 1601, hema lao liliteketea kwa moto na vyombo vyote, ukabaki msalaba mwekundu wa kanzu moja tu. Kamili, aliyekuwa askari, alijua vizuri maana ya kulala na jeraha shambani huku wenzako wakisonga mbele. Alichokikosa alipokuwa kijana ndicho alichowapelekea askari wengine.

Wakati wa Noeli ya mwaka 1598 mto Tiber ulifurika kupita ilivyopata kuonekana Roma, na maji yakaielekea hospitali ya Santo Spirito iliyo kando ya mto. Kamili na watawa wake waliwabeba wagonjwa usiku kucha, mmoja mmoja, kuwapandisha orofa ya juu, huku maji yakipanda nyuma yao. Tukumbuke kwamba aliyewabeba alikuwa na mguu wenye kidonda na tumbo lenye ngiri. Wenye akili za kidunia wangesema kwamba yeye mwenyewe alistahili kubebwa.

Kidonda kile alikuwa nacho miaka 46. Katika miaka yake ya mwisho tumbo lake lilikuwa halishiki chakula tena. Hata hivyo, watu walimwona akitoka kitandani kwake usiku, akishika ukuta na vitanda, kwenda kutazama kama kuna mgonjwa anayehitaji kitu. Mwaka 1607 aliacha ukuu wa Shirika ili apate nafasi zaidi ya kuwatumikia wagonjwa kwa mikono yake. Alifariki mjini Roma tarehe 14 Julai 1614, akiwa na umri wa miaka 64, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Papa Benedikto XIV alimtangaza mwenye heri mwaka 1742, na mtakatifu mwaka 1746. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimweka yeye pamoja na Mtakatifu Yohane wa Mungu kuwa wasimamizi wa wagonjwa na hospitali, na mwaka 1930 Papa Pio XI akawaongezea usimamizi wa wauguzi. Wana wake wa kiroho wamefika hata Afrika ya Mashariki. Huko Karungu, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, iko hospitali ya misheni yenye jina lake.

Tangu siku zake elimu imeendelea sana. Mwishoni mwa karne ya 18 daktari wa jeshi la Ufaransa, Dominique-Jean Larrey, alitengeneza magari mepesi ya farasi ya kuwachukua majeruhi vita vikiwa vingali vinapigwa, akaagiza watibiwe kwa uzito wa majeraha yao wala si kwa cheo chao. Leo muuguzi wa chumba cha dharura ana utaratibu aliofundishwa, naye haubadili hata kama watu wanapiga kelele. Damu inayobubujika huizuia mara moja. Kisha hutazama kama njia ya hewa iko wazi, huku akiilinda shingo isigeuzwe. Hutazama jinsi mtu anavyopumua, na kama pande mbili za kifua zinainuka sawasawa. Hugusa mapigo ya moyo, hutazama kama ngozi imekuwa baridi na ya kijivu, maana damu huweza kupotea ndani ya tumbo isionekane nje. Huuliza jina, apime fahamu, na hutazama mboni za macho. Mwisho huzifungua nguo, auone mwili wote hata mgongoni, kisha humfunika upesi, kwa sababu baridi humzidishia majeruhi hatari. Akimaliza, huanza tena, kwa kuwa hali ya aliyeumia hubadilika kwa dakika chache.

Na wauguzi wazoefu wanajua jambo ambalo mtu wa kawaida halijui. Yule anayelia kwa sauti kubwa, na kuvuta macho ya wote, kwa kulia kwake ameonyesha kwamba bado ana pumzi. Yule aliyelala pembeni, kimya, asiyemsumbua mtu, huenda ndiye anayekufa. Kwake yeye yafaa kukimbilia kwanza. Tunaposikia hayo tunakumbuka agizo la robo saa. Kamili hakuwa na elimu hii ya leo. Lakini upendo ulimfundisha mwanzo wake, yaani kutazama kwa makini kabla ya kuamua, na kutomwacha asiyeweza kuita.

Sasa tuseme juu yetu sisi. Mara nyingi ajali inapotokea barabarani kwetu, watu hukusanyika wengi. Wako wanaopiga picha kwa simu. Wako, na ni aibu kuu kulitaja, wanaopekua mifuko ya aliyezimia. Wako pia wenye moyo mwema wanaomkokota majeruhi kwa mikono na miguu na kumtupa nyuma ya gari, wasijue kwamba shingo au uti wa mgongo uliovunjika waweza kuharibika kabisa kwa kukokotwa hivyo. Hawa wa mwisho wana upendo, ila hawana utaratibu. Na katika hospitali yaweza kutukia kinyume chake, yaani utaratibu upo, daftari lipo, lakini mtu hakutazamwa. Kamili alivitaka vyote viwili pamoja.

Twaziomba basi jamaa za Kikristo zijifunze mambo machache, wazazi pamoja na vijana wao. Msiwaache watu wakamzonga majeruhi, apate hewa. Ikadirieni hatari ya magari kabla ya kumkaribia, msije mkawa majeruhi wengine. Msimwondoe mahali alipo bila sababu, kama moto au gari linalokuja. Na ikibidi kumwondoa, kichwa, shingo na mwili viende pamoja, wakishika watu kadhaa. Jeraha linalotoa damu nyingi ligandamizeni kwa nguvu kwa kitambaa safi, wala msiachilie kila mara kutazama. Msimpe chakula wala kinywaji. Mwiteni jina, msemeshe, mfunikeni. Iteni msaada bila kukawia. Na mmoja wenu amwendee yule aliye kimya. Parokia zetu zina vyama vya kitume vingi, tena zina wauguzi miongoni mwa waamini. Kuwaomba wauguzi hao wafundishe mambo haya baada ya Misa, Dominika moja kwa mwaka, si gharama kubwa. Msamaria Mwema wa Injili hakumhurumia tu yule aliyepigwa na wanyang'anyi. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama ya kumtunza.

Kwa wauguzi wetu wanaokesha katika vyumba vya dharura, mara nyingi wachache kuliko kazi, tuna neno la shukrani. Kazi yenu imekuwa njia ya utakatifu kwa mtu aliyeianza akiwa mcheza kamari mwenye kidonda. Mnapouhesabu mshipa wa mtu msiyemjua saa nane ya usiku, mko katika wodi ile ile ya Santo Spirito. Mtakatifu Kamili awaombee nguvu ninyi, awaombee salama wasafiri wetu wote, na siku tutakapolala barabarani sisi wenyewe, tusiweze kuita, atuombee kwa Mungu tumpate mtu wa kututazama.